Kaa Mezani: Mwongozo wa Tamasha Lako la Kwanza la Michezo, Ukitokea Uthiru

Anayeenda tamasha la michezo ya mezani kwa mara ya kwanza huharibu siku yake kwa kuzunguka. Huingia asubuhi, akapiga picha na waliovaa kama mashujaa wa komiki, akasimama nyuma ya watu wanaocheza akitikisa kichwa kana kwamba anafuata, akanunua chipsi, kisha akarudi nyumbani bila kushika hata dadu moja. Pesa ya tiketi ameitoa, lakini alichokilipia ni kiti, na kiti hicho hakukikalia. Mwongozo huu una shabaha moja tu: kabla hujapanda matatu ya kurudi Uthiru jioni, uwe umekaa kwenye meza tatu au zaidi, pamoja na watu ambao asubuhi hukuwajua.

Michezo ya mezani hapa ni kila kinachochezwa watu wakitazamana: karata, dadu, ubao, kete, hata hadithi inayotungwa kwa zamu. Skrini hazimo. Kwenye matamasha yanayochanganya mambo mengi, skrini ndizo zenye kelele na foleni, nazo meza mara nyingi huwekwa pembeni, mgeni akazipita akidhani ni mahali pa kupumzikia. Usizipite.

Kadi unaijua

Wengi husema, "Mimi si mtu wa michezo hiyo." Kama umekulia Uthiru, Kinoo au Kangemi, usemi huo hauna ukweli. Umecheza kadi shuleni mwalimu akiwa hayupo, na umecheza kwenye ngazi za ploti umeme ulipopotea. Umewaona waendeshaji nduthi pale stegi wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, vya mmoja vimetazama juu na vya mwenzake vimefunikwa, na wanaotazama wanajua mchezo kuliko wanaocheza.

Kadi si mchezo mdogo. J inamruka anayefuata. K inarudisha zamu ilikotoka. 2 na 3 zinamtwika mwenzako karata za kuokota, na jokeri inamtwika zaidi. Q na 8 ni maswali, na swali bila jibu linakugharimu. A inazuia adhabu au inageuza mkondo wa mchezo. Usipotangaza "niko kadi" kwa wakati wake, huwezi kumaliza hata kama mkononi imebaki karata nyepesi kabisa. Aliyeyashika yote haya akiwa darasa la sita, tena bila kijitabu cha sheria, hana sababu ya kuogopa sanduku lolote litakalofunguliwa mbele yake. Uno, mchezo wa Marekani wa mwaka 1971 unaouzwa dunia nzima, ni wa ukoo huohuo. Wajerumani nao wana wao wa ukoo huo na wanauita Mau-Mau, kwa hiyo Mkenya akikaribishwa kucheza Mau-Mau huko Ujerumani asishtuke. Ataletewa karata tu.

Na kama babu yako alicheza giuthi, au mama alikulia upande wa ziwa wakicheza ajua, au una shemeji wa Pwani mwenye bao la mashimo 32 na kete 64, basi nyumbani kwenu kulikuwa na michezo ya mezani muda mrefu kabla ya neno tamasha kuandikwa kwenye bango. Nina maoni makali juu ya hili: tamasha la michezo la Afrika Mashariki lisilo na meza ya bao halijakamilika. Ukimiliki bao, lipeleke. Hutakosa watu.

Uende wapi

Nairobi, tamasha kubwa linalojulikana zaidi la watu wa aina hii ni NAICCON, mkutano wa komiki, kosplei, filamu na michezo, ambao umewahi kufanyika Sarit na pia Visa Oshwal Centre, kote Westlands. Usiende ukitarajia ukumbi mzima wa meza. Nenda ukijua kwamba meza ni sehemu ya sherehe kubwa zaidi, na kwamba lazima uzitafute. Kabla ya siku yenyewe tazama ratiba kwenye kurasa za waandaaji, uone kama kuna mashindano ya karata au meza za kufundishwa, na saa ngapi.

Aina ya pili ya mkusanyiko ni mashindano ya mchezo mmoja: chesi au Scrabble. Hapa Nairobi ina historia ya kujivunia. Mwaka 2017 jiji hili liliwapokea wachezaji wa Scrabble kutoka mabara mbalimbali kwa ajili ya mashindano ya dunia ya WESPA, na aliyeshinda alikuwa Akshay Bhandarkar, mchezaji wa kutoka Ghuba. Chesi nayo ina mashindano ya wazi ambamo mtoto wa shule na mzee aliyestaafu huketi safu moja. Mashindano ya aina hii yana faida moja kubwa kwa mgeni mwenye haya: hulazimiki kumwomba mtu yeyote nafasi. Jina lako linabandikwa ukutani pamoja na namba ya meza, na mpinzani wako anakusubiri.

Kwingineko barani, Nigeria ina AB Con, mkutano wa michezo ya ubao ulioasisiwa na mbunifu Kenechukwu Ogbuagu na kampuni yake NIBCARD, na huko michezo iliyobuniwa na Waafrika ndiyo inayokaa mbele. Ya Ulaya na Marekani nitayagusa baadaye, kwa ajili ya mwenye binamu Birmingham.

Tiketi, siku na barabara

Nunua tiketi mapema, kwenye kurasa za waandaaji wenyewe. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha; likiwa jina la mtu badala ya waandaaji au kampuni yao ya tiketi, acha kwanza uulize. Tiketi ikifika, ipige picha ya skrini uihifadhi, kwa sababu mtandao mlangoni, watu mia wakiutafuta kwa pamoja, huwa mzito.

Tamasha likiwa la siku mbili au tatu na wewe una pesa ya siku moja, kishawishi cha Jumamosi kikatae. Jumamosi ndiyo ya watu wengi, na watu wengi maana yake viti vichache. Ijumaa, kama ipo, inamfaa mgeni kuliko zote: wanaofundisha michezo hawajachoka, sauti zao zipo, na wana muda na wewe. Jumapili mchana ina uzuri wake pia. Wauzaji wanaanza kufikiria mizigo ya kurudisha dukani, na bei husikiliza maneno.

Safari yenyewe unaijua. Kutoka Uthiru unashika matatu zinazotoka Kikuyu au Kinoo kwa Waiyaki Way, unapita Mountain View, Kangemi, ABC, Safaricom, unashuka Westlands na kumalizia kwa miguu. Siku ya kazi asubuhi, Kangemi itakushika, kwa hiyo ukienda Ijumaa ondoka ama mapema sana ama baada ya msongamano wa kazini kupungua. Jumapili asubuhi barabara ni nyeupe na makanga hana hata haja ya kupiga kelele. Tamasha likiwa KICC, katikati ya jiji, jumlisha mwendo wa miguu kutoka unaposhushwa, na jioni ufanye hesabu hiyo tena kinyume, gizani.

Weka nauli ya kurudi kando kabla hujaingia ukumbini. Ihamishe, ifiche, mpe mwenzako, fanya unavyojua. Nauli ya jioni si ya asubuhi, na mvua ikinyesha huwa nyingine kabisa.

Kula nyumbani. Chapo madondo ya Uthiru saa tatu asubuhi itakubeba hadi alasiri, na bei ya chakula ndani ya majumba ya biashara ya Westlands haikuwekwa kwa kukufikiria wewe. Beba maji na njugu. Njugu zina faida ambayo chipsi hazina: haziachi mafuta vidoleni, na kama kuna kitu kinachomfanya mwenye mchezo akukazie macho ni alama ya kidole chenye mafuta juu ya karata yake. Bhajia uzile nje, unawe, ndipo urudi.

Kwenye begi tia pia sweta (kumbi zenye viyoyozi zina baridi ya Limuru), betri ya akiba ya simu, kalamu, na pakiti ya karata za kawaida. Pakiti hiyo itakuwa na kazi. Kutakuwa na saa ambapo meza zote zimejaa; utakaa chini kwenye korido, utazichanganya karata, na ndani ya dakika chache atatokea mtu kuuliza kama mnacheza kadi. Mnacheza.

Oga, na ubadilishe nguo ukienda siku ya pili. Nyinyi sita mtakaa mmeinama juu ya ubao mmoja kwa saa mbili.

Namna ya kupata kiti

Nusu saa ya kwanza zunguka, lakini zunguka kwa kazi. Tafuta mambo matatu: meza ambapo mtu wa tamasha au wa duka anafundisha mchezo, meza za wazi, ambapo yeyote anakaa na mchezo wowote, na mahali pa kuandikisha majina ya mashindano. Usinunue kitu bado.

Kisha simama kando ya meza ya kufundishwa mchezo unapokaribia kwisha. Utaujua mwisho wake kwa sauti: watu huanza kuhesabu pointi na kubishana. Msalimie anayeongoza, useme bila kuzungukazunguka, "Sijawahi kucheza huu. Nikae raundi inayofuata?" Maneno hayo mawili ya mwanzo, sijawahi kucheza, yana nguvu ambayo wageni wengi hawaiamini. Wanadhani watachekwa. Wapenzi wa michezo hii wana ugonjwa wa kupenda kufundisha, na mtu asiyejua kitu ndiye wanayemsubiri tangu asubuhi.

Ukiwa umekaa, mwongozaji ataanza kueleza, na wengine huanza pabaya. Atakuonyesha kila kipande, kila rangi, kila alama, hadi akili ijae kabla mchezo haujaanza. Mkatize kwa adabu kwa maswali mawili, kwa mpangilio huu: "Mtu anashindaje?" na "Zamu yangu ikifika nafanya nini?" Majibu ya hayo mawili yanatosha kuanza. Mengine utauliza njiani, na raundi ya kwanza huwa ya kujifunza kwa kila mtu.

Soma ubavu wa sanduku. Kuna namba tatu pale: idadi ya wachezaji, umri, na dakika. Dakika zilizoandikwa ni za watu wanaoujua mchezo. Kwa meza ya wageni zidisha mara mbili. Ndiyo maana siku ya kwanza unachagua mifupi. Kuna mchezo maarufu wa vita vya anga unaoitwa Twilight Imperium ambao unaweza kumeza siku nzima. Waliomo humo usiwasumbue hata kwa salamu ndefu.

Kama unachagua wewe, haya ndiyo ningekutuma uyatafute. Ticket to Ride, wa Alan R. Moon, wa mwaka 2004: unakusanya karata za rangi na kujenga reli kati ya miji, na sheria zake zinaelezeka kabla soda haijapoa. Catan, alioutoa Mjerumani Klaus Teuber mwaka 1995, ni mchezo wa kujenga na kubadilishana mali. Mezani utasikia "nipe kondoo nikupe matofali", na aliyezoea kupatana bei soko la Kangemi ataanza na faida ambayo Wajerumani hawakuifikiria. Pandemic, wa mwaka 2008, hauna mshindi mmoja: wote mnapambana na magonjwa yaliyosambaa duniani, mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja. Unamfaa anayechukia kushindwa na mtu, ila ukali wake ni kwamba mjuaji mmoja anaweza kuicheza zamu ya kila mtu. Akianza kukupangia, mwambie kwa upole, "Hii niachie."

Codenames, wa Mcheki Vlaada Chvátil, una maneno 25 mezani na timu mbili. Kiongozi anatoa neno moja la kidokezo na wenzake wanakisia ni maneno gani anayalenga. Sanduku ni la Kiingereza, lakini huu ndio mchezo rahisi kuliko yote kuuhamishia lugha yetu. Andika maneno 25 ya Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, chora ramani ya siri kwa kalamu mbili, mmeanza. Ukiruhusu na Sheng, wa Kangemi na wa Buruburu watagombana juu ya maana za maneno, na hapo ndipo utamu ulipo.

Meza ya hadithi

Kuna meza utaiona haina ubao. Watu watano wanazungumza, mmoja amejificha nyuma ya kadibodi iliyosimamishwa, na dadu zao zina maumbo ya ajabu: nyuso nne, nane, kumi, kumi na mbili, ishirini. Huo ni mchezo wa uigizaji, na maarufu zaidi wa aina hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Aliyejificha ndiye msimulizi: anaeleza mahali mlipo na kilichotokea, halafu anauliza, "Unafanya nini?" Unasema unachofanya kama mhusika wako, dadu inaamua kama umefaulu, hadithi inasonga.

Wageni huiogopa meza hii kuliko zote, na wanakosea. Hapa hakuna cha kukariri. Msimulizi wa tamasha kwa kawaida ana wahusika waliokwisha kuandikwa kwenye karatasi. Unachagua mmoja, kama vile mwizi, mganga au askari, na unaambiwa dadu ya kurusha. Sehemu ngumu ni kuthubutu kusema. Aliyewahi kuitikia "pakawa" akiwa mtoto anajua kwamba hadithi inamhitaji msikilizaji anayejibu. Hapa unajibu kwa matendo. Jambo la kupima ni muda tu. Kikao cha tamasha huchukua kama saa nne, na ukikaa umefunga ndoa: ukiondoka katikati, wenzako wanne wanabaki na pengo ndani ya hadithi. Kama una matatu ya kuwahi, kaa asubuhi.

Ukiandikisha mashindano

Mashindano ya chesi na Scrabble huendeshwa sana kwa mfumo wa Uswisi: baada ya kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi karibu na zako. Hutolewi kwa kushindwa. Ukipoteza mbili za mwanzo, ya tatu utakutana na mwenzako aliyepoteza mbili, na hapo utacheza mchezo mzuri kuliko yote ya siku. Kwa hiyo usiogope kuandikisha jina.

Lakini ziko sheria ambazo kijiweni hazipo. Kwenye chesi, ukigusa kipande chako kwa nia ya kukicheza, ni lazima ukisogeze. Simu iwe imezimwa kabisa, kwani ikilia unaweza kupoteza mchezo hapohapo, hata kama ni shangazi anauliza umefika salama. Ukiwa na tatizo, simamisha saa umwite mwamuzi. Usibishane na mpinzani. Kwenye Scrabble kila mmoja huwa na dakika 25 za zamu zake zote katika mchezo mmoja, na kila dakika ya ziada hukatwa pointi 10. Unapochukua herufi, mfuko unainuliwa hadi usawa wa macho au juu zaidi, ili usionekane unachungulia. Na ukitumia herufi zote saba kwa mpigo, unaongezwa pointi 50, jambo ambalo kila mchezaji wa Eastlands na wa Westlands husimulia kwa mwaka mzima.

Adabu za mezani

Usiguse mchezo wa mtu bila ruhusa, hata kama uko mezani na mwenyewe kaenda msalani. Masanduku haya yameletwa kutoka nje kwa gharama, na kipande kimoja kikipotea, mchezo mzima unaweza kufa. Mwenye watoto wadogo awashike mkono. Kete zinaonekana kama peremende.

Kuchokozana kwa maneno ni chumvi ya kadi mtaani. Kwa watu uliokutana nao dakika kumi zilizopita, punguza chumvi hiyo, uipime kwa wanavyocheka. Usiwafundishe mchezo wanaojua zaidi yako, na usimfundishe asiyekuuliza. Wasichana hasa hulalamikia hili: wameketi kucheza, kaka mmoja nyuma yao anawaelekeza karata ya kutoa. Ukiwa wewe ndiye kaka huyo, nenda ukatafute kiti chako.

Waliovaa kosplei waombe ruhusa kabla ya picha. Vazi si idhini ya kushikwa. Mtu akikusumbua, wewe au mwenzako, nenda kwa waandaaji moja kwa moja. Tamasha lenye heshima lina watu wa kazi hiyo, na usione haya kuwatafuta. Mambo ya kuwekeana pesa mezani yaache stegi.

Kununua

Usinunue mchezo ambao hujaucheza. Picha ya sanduku ni ya kuuza, na michezo mingi mizuri kwa macho ni mizito kwa familia ambayo haijawahi kusoma kijitabu cha kurasa 20. Ucheze, usubiri saa moja, kisha ujiulize ni nani hasa utacheza naye Uthiru. Kama jibu ni "nitawatafuta", acha.

Bei ndiyo inayowakatisha wengi tamaa, na dawa yake tunayo tayari. Fungeni chama cha michezo: watu sita, kila mmoja atoe kidogo kila mwezi, mnunue mchezo mmoja kwa pamoja, na kila mwezi ulale nyumba tofauti. Mkataba uwe mmoja tu: anayepoteza kipande anakilipa. Wabunifu wengi pia hutoa michezo yao bure kwenye intaneti kwa ajili ya kuchapishwa. Cyber yoyote ya Uthiru itakuchapia kurasa hizo, nawe utazikata kwa mkasi na kuziweka ndani ya vifuko vya plastiki vya karata.

Siku utakapokwenda mbali

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa michezo ya mezani uko Essen, Ujerumani. SPIEL ilianza mwaka 1983, mwaka uleule Sarit ilipofungua milango Westlands, na siku hizi hukusanya watu zaidi ya laki mbili kwa siku nne za Oktoba. Kule unakaa kwenye meza za wachapishaji wenyewe na kufundishwa michezo ambayo haijafika madukani. Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na miadi huwa haba, kwa hiyo mwenye nia ya Oktoba aanze karatasi Aprili. Malazi ya Essen yakiwa ghali, tazama miji ya jirani kama Bochum na Duisburg. Treni ziko nyingi.

Gen Con, iliyoanzishwa mwaka 1968 na Gygax huyohuyo katika mji mdogo wa Lake Geneva, sasa iko Indianapolis, na kule karibu kila mchezo una tiketi yake inayonunuliwa mapema; ukifika bila mpango utakuwa mzungukaji wa kimataifa. UK Games Expo hufanyika Birmingham tangu 2007 na ndiyo inayomfaa mwenye ndugu Uingereza, kwa kuwa sofa ya ndugu ni bure na lugha haitakusumbua. Popote uendapo, acha nafasi kwenye sanduku la nguo, na kumbuka kwamba nakala tano za mchezo mmoja zinaonekana biashara kwa watu wa forodha JKIA.

Kabla hujatoka ukumbini

Simama kutoka meza ya mwisho ukiwa bado na nguvu ya kuzungumza. Waulize wale mliocheza nao wanaishi wapi. Nairobi Magharibi yote imetawanyika, na mtashangaa wangapi wanatoka Kinoo, Lavington, Kawangware au Dagoretti. Chukua namba zao, na unapozihifadhi, andika kando ya jina mchezo mliocheza na siku anayokuwa na nafasi. "Njoroge Catan Jumapili" utamkumbuka. "Njoroge 4" hutampigia kamwe. Fungua kundi la WhatsApp mkiwa bado mmesimama hapohapo, na msiachane kabla hamjataja tarehe na nyumba.